Namba saba yumo

Tangu Jumanne kuna sentensi moja imeniganda kichwani. Nikioga ipo, nikipanda tuktuk ya Mamboleo ipo, na juzi nimejikuta naitamka kwa sauti nikimenya vitunguu hadi dada akauliza naongea na nani. Ni maneno ya Mzee wa Matangi, mwosha matangi wa maabara yetu ya samaki: "Namba saba yumo, daktari." Basi. Hakuna tusi humo, hakuna lawama, na bado sipati usingizi wa maana.

Wiki yenyewe haikuwa haba. Makala yetu ya samaki imekubaliwa baada ya wale wakaguzi wa jarida kutuzungusha weee, mama ametolewa mtoto wa jicho kule Siaya na sasa anaona hadi vumbi la juu ya kabati, na yule kaka yetu mnayemjua amelipa deni. Hayo yatapata siku yake.

Mzee mnamjua. Ndiye aliyenifundisha kumshika samaki jike aliyebeba mayai mdomoni: unamfunika macho kwa kitambaa kilicholowa, unamwinamisha kwenye beseni la maji ya tangi lile lile, unamfungua taya la chini kwa kidole gumba, maji yanaingia na mayai yanatoka yenyewe, ya rangi ya haradali, mamia kwa mpigo. Kabla yake nilikuwa nafukuzana na samaki asubuhi nzima. Yeye hata haingizi wavu mpaka ajue. Anasimama mbele ya kioo na kikombe cha chai, anaangalia koo la nani limejaa na nani hakuja chakula kilipomwagwa, kisha anasema, "Huyu." Aliyajua hayo tangu uvuvi wake wa Dunga, ufukweni Kisumu. Kwenye karatasi ya mshahara bado ni mwosha matangi.

Sasa Jumanne. Jarida lilikuwa limetuma kurasa zilizopangwa ili tuzikague mara ya mwisho, nami nikazichapa maana koma sizioni vizuri kwenye kompyuta. Mzee akaingia kutafuta ufunguo wa stoo. Akaona karatasi, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akavaa ile miwani yake ya kamba.

"Hii ndiyo ile ya samaki wetu?"

"Ndiyo, mzee. Imekubaliwa."

"Nyasaye asifiwe." Akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa Oreochromis niloticus (Linnaeus, 1758), yaani tilapia wetu. "Huyu Linnaeus ndiye yule mzungu aliyekuja Januari?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba ni Mswidi wa zamani, ndiye aliyempa samaki huyu jina la kisayansi, na hayo mabano yanaonyesha kwamba sehemu ya kwanza ya jina ilikuja kubadilishwa na wengine.

"Na mbuta?" Yaani sangara.

"Pia ni yeye. Kitabu kile kile, mwaka ule ule."

"Mtu mmoja! Alivua huku?"

"Hapana. Afrika hakufika kabisa."

"Hm."

Akaendelea kufungua kurasa, polepole, mpaka kiambatisho cha mwisho, penye jedwali la majike: namba, uzito, tangi, tarehe ya watoto kuanguliwa. Kidole kikashuka mstari kwa mstari. "Tatu… Tano hayupo, huyo alikufa kabla… Sita…" Kikasimama. "Namba saba yumo, daktari." Akaziweka karatasi mezani zikiwa zimepangika kuliko alivyozikuta, akachukua ufunguo, akatoka.

Mimi kwake ni nyar Alego, binti wa Alego, tangu siku ya kwanza. Udaktari wenyewe bado sijaupata, na hakuna anayejua hivyo kuliko yeye.

Maana ukurasa mmoja kabla ya jedwali kuna shukrani, na pale pameandikwa kwamba waandishi wanawashukuru "wafanyakazi wa maabara". Ukurasa huo aliupitia. Nimejaribu kukumbuka kama macho yake yalitulia hapo au yaliteleza. Usiku mmoja naona yalitulia, usiku mwingine naona alipindua tu. Jina lake nililiandika mimi kwenye rasimu ya kwanza. Likarudi na mstari mwekundu, na Prof, mkuu wetu wa maabara, akanieleza kwa upole wake ule kwamba tukimtaja mmoja, kesho dereva naye atataka. Kwa uandishi wenyewe, yaani kutajwa kama mwandishi wa makala, sina ubishi. Miongozo ambayo majarida mengi hufuata ina masharti manne, na miongoni mwake ni kushiriki kuandika na kuidhinisha toleo la mwisho, na Mzee hakufanya hayo. Lakini shukrani si uandishi. Shukrani zinataka ruhusa ya anayetajwa tu, na dereva akitaka, si atajwe! Kuna shida gani? Wino unanunuliwa kwa kilo?

Halafu ni nani huyo namba saba. Kazi yetu ni ile ile, joto na jinsia. Tilapia huyu ana kromosomu XX akiwa jike na XY akiwa dume, kama sisi, lakini ukivilea vifaranga kwenye maji ya nyuzi 36 hivi, kuanzia karibu siku ya kumi tangu yai kutungishwa, baadhi ya waliopaswa kuwa majike wanageuka madume. Wafugaji wanawataka madume kwa sababu wanakua haraka, na njia iliyozoeleka ya kuwapata ni kuchanganya homoni kwenye chakula cha vifaranga katika wiki tatu nne za mwanzo. Sisi tunatafuta joto linagusa wapi kwenye jeni. Na uzao mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao, uliobeba nusu ya michoro yetu, ni wa jike namba saba.

Uzao huo ulikuwa ufe. Ilikuwa msimu wa mvua kubwa, stima ikapotea saa mbili usiku na jenereta haina dizeli, kwa sababu ambazo nikiziandika hapa nitaitwa ofisini. Mayai yetu yanakaa kwenye chupa za soda zilizokatwa kitako na kugeuzwa juu chini, hewa ikisukuma maji kutoka chini ili yazunguke bila kukoma. Mdomoni mwa mama ndivyo anavyoyafanya, anayazungusha mchana na usiku. Yakitulia yanalundikana, hewa haiyafikii, na ukungu mweupe unayavamia kama pamba. Pampu ikanyamaza. Mzee alikuwa zamu. Akachukua kikombe chake kile cha chai, akachota maji, akamimina chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza, mpaka stima ikarudi karibu na alfajiri. Mimi nilifika kwa boda kukiwa bado giza, nikamkuta ameketi juu ya ndoo na gambuti zake, mkono wa kulia umevimba. Akasema, "Hawajalala hawa." Asubuhi hiyo hiyo wakaanza kuangua.

Kwenye sehemu ya mbinu tumeandika: "Mayai yaliatamiwa katika maji yanayozunguka muda wote." Ni kweli tupu. Wakaguzi wote wawili hawakuuliza chochote hapo.

Kama vile kuna aliyenipangia, Jumatano somo la mwaka wa pili lilikuwa lile jaribio lililochapishwa 1924. Hilde Mangold, mwanafunzi wa uzamifu huko Freiburg, Ujerumani, alichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda wa majini, kutoka kwenye mdomo wa juu wa kile kitundu ambapo seli huanza kuingia ndani, akakipandikiza ubavuni mwa kiinitete cha salamanda wa aina nyingine. Aina moja ina rangi hafifu na nyingine nyeusi, ili ajue kila seli imetoka kwa nani. Pale ubavuni pakaota kiumbe cha pili, na uti wake wa mgongo, na sehemu kubwa ya mwili huo imejengwa na seli za mwenyeji, si za mgeni. Yaani kile kipande kilitoa amri na wengine wakatii. Darasa hupenda hapo. Kisha nikawaambia yaliyobaki: msimamizi wake, Spemann, alitanguliza jina lake mwenyewe kwenye makala, Hilde akafa mwaka huo huo, jiko lilipolipuka, ana miaka 25, Spemann akapewa Nobel mwaka 1935. Wasichana wa mstari wa mbele wakaguna kwa pamoja. Mwaka jana ningeguna nao. Safari hii nikawa nawaza ni nani aliyeingia bwawani kuwakamata hao salamanda, na kama naye alikuwa na miwani ya kamba.

Nilikaa na hilo mpaka Alhamisi, nikiwa nimenuna, na nikamkwepa Mzee kwa kujifungia kwenye chumba cha hadubini. Hakukwepeka. Alibisha akaingia na sahani ya uzao mpya, akaiweka chini ya lenzi, akaniambia, "Tazama, nyar Alego, wamefungua macho." Kweli, kila yai lilikuwa na madoa mawili meusi, na chini ya macho moyo unapiga, damu inapita juu ya kiini kwenye mishipa myembamba ambayo ukipepesa unaipoteza. Nimeona hayo mara zisizo na idadi na kila mara nasahau nilikuwa nimenunia nini. Tukaanza ubishi wetu wa siku zote. Mimi nilisema ngege, jina la tilapia wa asili wa Ziwa Victoria, yeye akasema huyu si ngege, huyu ni nyamami, aliletwa ziwani miaka ya hamsini. Ngege mwenyewe amebaki Kanyaboli, lile ziwa la kwenu Alego, na nyinyi mnamwacha mkisomea wageni. Nikamwambia ngege wa Kanyaboli naye ana jina la mzungu pembeni, Graham, 1928. Akafikiri. "Huyo angalau alifika?" Huyo alifika, alikuja kuchunguza uvuvi wa ziwa. "Basi huyo nimemkubali."

Ijumaa akaniomba kopi ya ukurasa wa jedwali. Ule mmoja tu, asipewe zingine.

"Ya nini, mzee?"

"Ya nyumbani." Akaangalia mlango. "Usiku ule wa namba saba, mama watoto anasema nilikuwa kwa mwingine. Tangu siku hiyo ananipikia chakula nusu. Tarehe si iko hapo?"

Iko. Safu ya nne. Nilicheka mpaka nikashika meza, naye akacheka, kisha akaacha kabla yangu na kusema si mchezo, mwanamke huyo anataka ushahidi ulioandikwa. Nikamtolea kopi. Nikaenda kwenye droo ya Prof, ambaye yuko Nairobi mpaka Jumatatu, nikatoa muhuri wa maabara na kuupiga chini ya jedwali, nikatia sahihi na tarehe, na pembeni nikaandika kwa mkono jina lake lote, la ubatizo na la baba, kwamba ndiye aliyekuwa zamu. Akalisoma hilo kwa muda kuliko lilivyohitaji. Akaikunja karatasi mara moja, si mara mbili, ili muhuri usikunjike.

Kwa hiyo labda Jumanne alikuwa anatafuta tarehe tu, na furaha ile ilikuwa ya mtu aliyepata shahidi. Labda. Maana hiyo haielezi "daktari". Wala haielezi kwa nini alitaka kujua kama Linnaeus alivua. Nimemwandikia Prof barua pepe nikimwomba tena lile jina liingie kwenye shukrani, maana kurasa bado ziko kwangu na mhariri anazingoja Jumatano. Hajajibu. Tiki haionekani kwenye barua pepe, ningekuwa nimeichungulia mara mia.

Na sasa mama. Dawa ya macho aliyopewa ni ya wiki nne, na jioni hii kanipigia simu kusema imekwisha. Nikamuuliza anatia matone mangapi. "Yale yale waliyosema." Nyuma yake nikasikia sauti ya jirani yake: "Mwambie na jicho langu linaendelea vizuri." Dawa yenyewe ina antibiotiki na steroidi, na steroidi kwenye jicho ambalo hakuna aliyelipima inaweza kupandisha presha ya jicho bila mtu kuhisi kitu. Nimewaambia wote wawili waache mpaka nifike, mama akasema yeye hawezi kuacha, aliambiwa asiache, na hapo ana haki. Kesho napanda matatu ya kwanza ya Siaya. Sijui chupa nyingine nitaipata wapi Jumapili.