Tangi langu lilipotafuna tambuu

Mwanzoni nilidhani ni uchafu. Doa moja jekundu kwenye mchanga wa tangi langu la samaki na matumbawe, nyuma ya mwamba, ukubwa wa sarafu. Baada ya siku nne likawa zulia. Mchana, taa zikiwaka, lilijaa vipovu vya hewa. Usiku linasinyaa, asubuhi najipa moyo, jioni limerudi. Mke wangu alichungulia akasema, "Tangi lako limetafuna tambuu."

Wengi wanaofuga matumbawe nyumbani huuita utando huu mwani. Siyo. Ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, na konokono wangu, walafi wa mwani, waliupita kama hawauoni.

Nikafanya kosa la watu wenye haraka: nikanunua unga wa antibayotiki. Siku mbili, mchanga mweupe pe! Ila utando ukifa kwa wingi huoza, na kuoza kunakula oksijeni, nami nilikuwa nimezima skima, chombo kinachosafisha maji kwa mapovu ya hewa, na sikuweka pampu ya hewa. Alfajiri nikawakuta samaki wamejipanga juu ya maji wanahema. Nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu kwa karibu saa nzima, nikiwa na kanga ya mke wangu kiunoni. Hakufa hata mmoja. Wiki tatu baadaye utando ukarudi.

Hapo ndipo nilipopima maji kwa utulivu. Naitreti 0, fosfeti 0.2, kwa miligramu kwa lita; zote mbili ni virutubisho vya viumbe wa majini. Ile sifuri ya naitreti nilikuwa nikijivunia! Kumbe nimewanyima chakula wapinzani wa utando, yaani mwani na bakteria wengine, wakati baadhi ya sianobakteria wanaweza kuchukua naitrojeni kutoka kwenye hewa iliyoyeyuka majini. Tena kichujio changu cha maji ya bomba kilikuwa kimechoka: kipimo cha chumvichumvi kwenye maji yaliyochujwa kilisoma 14 badala ya 0. Hapa Columbus, Ohio, siwezi kwenda kuchota maji baharini kama nilivyozoea Tanga, kwa hiyo kila tone linapitia kwenye kichujio hicho.

Nilibadilisha vichujio. Kila Jumamosi nikanyonya utando kwa mpira mwembamba, taratibu, maana ukiutibua unasambaa, nikirudisha lita 20 za maji mapya ya chumvi kwenye tangi la lita 150. Samaki nikawaongezea chakula kidogo, jambo lililoniuma kulifanya, hadi naitreti ikafika 5. Nikageuza pampu moja ielekee nyuma ya mwamba. Wavuvi wa kwetu wanajua tofauti ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, na maji mafu, yanapotulia. Ile kona yangu ilikuwa maji mafu mwaka mzima.

Ilichukua wiki sita. Fosfeti sasa ni 0.08. Nyuma ya mwamba bado kuna doa kama ukucha wa kidole kidogo, na mpira wangu umening'inia tayari kwenye ndoo, unangoja Jumamosi.