Kipimo cha Penseli

Mwaka 2017 nilikuwa na kilo 84 na tarehe ya ndoa. Tarehe walinipangia wajomba na paroko wa Uru, kwetu Kilimanjaro: mwishoni mwa Desemba, msimu ambao Wachaga wa mjini wameshapanda mabasi kurudi mlimani na ndugu hawahitaji kubembelezwa kuja. Kilo nilijipangia mwenyewe. Nilitaka nifike madhabahuni nikiwa na 70.

Nilianza Juni. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana mchicha na kipande cha samaki, usiku parachichi na chumvi kidogo. Kabla hakujapambazuka nakimbia njia za vumbi za Kimara, mbwa wa majirani wakinisindikiza kuliko nilivyopenda. Mwili ulikuwa unasikia. Tatizo vikao. Harusi zetu huendeshwa na kamati, na kamati haikai bila kula. Mwenyekiti anafungua kwa sala, mweka hazina anasoma ahadi na majina ya waliozilalia, halafu inaingia mbuzi choma na ndizi. Bibi harusi mtarajiwa hawezi kukaa mbele ya watu wanaomchangia akitafuna tango; ingeonekana dharau. Basi nikala, kila Jumapili, kwa heshima zote.

Jumamosi moja ya Agosti tukaenda Sinza kutafuta gauni: mimi, Mama, na mpambe wangu, rafiki yangu tangu chuo. Sinza ina maduka mengi ya maharusi, midoli myeupe imesimama viooni ikiwaangalia wauza mahindi. Wanaonunua gauni ni wachache. Wengi tunakodi, maana ni vazi la mchana mmoja na bei yake unaweza kulipia kodi ya chumba miezi mingi. Tulipanda mwendokasi Kimara, tukashuka Shekilango, tukamalizia na bajaji. Humo ndani ya bajaji nikamwonyesha Mama picha kwenye simu: mshono wa samaki, umebana kuanzia kifuani hadi magotini, halafu unamwagika chini. Mama alivua miwani, akaisogeza simu karibu na pua.

"Na mlima utaupandaje?"

"Mama, nitakuwa kwenye gari."

"Gari litaingia kanisani?"

Dereva wa bajaji alicheka peke yake mpaka tuliposhuka.

Duka la kwanza halikutuweka. Binti aliyekuwepo alinipandisha na kunishusha kwa macho, akasema saizi zangu ziko stoo, akarudi na gauni la nyavu tupu, pana kama chandarua cha kitanda cha sita kwa sita. Mpambe wangu akamwambia tunapita tu.

La pili lilikuwa chumba kimoja kirefu, magauni yamening'inia pande zote mbili kwenye mifuko ya nailoni. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, futi shingoni, pini zimechomekwa kwenye kola. Alimwamkia Mama shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akamvutia kigoda, ndipo akanigeukia.

"Harusi lini, bibi harusi?"

"Desemba."

"Mwili unabaki au unapungua?"

Aliuliza hivyo, kama anavyouliza muuza chipsi kuhusu pilipili. Nikasema unapungua.

"Kwa kiasi gani?"

"Kilo kumi na nne."

Hakucheka wala hakunipongeza. Alifungua daftari kubwa la kaunta, akanipima kwenye kifua, kiuno na nyonga, akaandika kwa kalamu ya wino: 43, 37, 47. Kisha akachukua penseli, na mbele ya kila namba akaandika nyingine kwa mwandiko mwembamba: 39, 32, 43. Nilichungulia ukurasa. Karibu kila bibi harusi alikuwa na safu mbili, ya wino na ya penseli. Nilijisikia nimo kwenye chama kikubwa.

Nikamwonyesha picha. Alikuwa nalo linalofanana, jeupe la maziwa, maua ya lesi yameshonewa kuanzia kwapani kushuka kiunoni. Nikaingia nalo nyuma ya pazia pamoja na mpambe wangu. Magotini lilipita kwa kulisihi. Nyongani mpambe wangu alivuta, nikashusha pumzi zote nilizokuwa nazo, likapita. Zipu ikafika nusu ya mgongo ikagoma. Juu yake ukabaki uwazi wa kupitisha kiganja. Lakini kwa mbele! Nilitoka nje ya pazia nikiwa nimeshikiliwa nyuma, nikajiona kwenye kioo kirefu, nikasema hili hili.

"Desemba litafunga," nikamwambia yule dada. "Niandikie hili."

Alizunguka nyuma yangu, akatazama ule uwazi, akanieleza kazi yake ilivyo. Gauni la kukodi halikatwi. Akilipunguza kwa bibi harusi mmoja, linarudi na kesho yake linatakiwa na mwingine mwenye mwili wake, kwa hiyo anachoweza ni kushikiza kwa uzi wa muda, inchi moja kila ubavu, mbili kwa taabu. Zaidi ya hapo maua ya lesi yanakunjwa katikati na mifupa ya plastiki iliyoshonewa kifuani inahama mahali pake, inaanza kuchoma mbavu. Kulipanua ndiyo haiwezekani kabisa: akanifunulia mshono wa ndani nione kilichobaki, upana wa ukucha. Magauni haya yanakuja yameshonwa kwa kubana kitambaa, hayaachi akiba kama yale ya mafundi wetu.

"Ukipungua kama ulivyosema, nitakuvalisha hili kwa raha," akasema. "Usipopungua, Desemba hiyo magauni yote makubwa yatakuwa yameshachukuliwa. Hapo ndipo huwa wananililia mimi."

"Nitapungua."

Mama alikuwa kimya muda wote huo, mkoba mapajani. Ukimya wake naujua; huwa anapanga maneno. Akaniuliza, "Hizo sabini umezitoa wapi? Nani kakuambia sabini?"

Sikuwa nimemwambia mtu nilikozitoa. Pale sebuleni kwetu ipo picha yao ya ndoa, yeye na Baba kwenye ngazi za kanisa, Mei 1982, rangi zimeanza kuwa za chai. Mama yumo kwenye gauni lenye kola ndefu na mikono mirefu, kiuno unaweza kukizungushia viganja viwili. Nimekua naitazama. Mizani ya ofisini ilikuwa na chati ya urefu na uzito, nami nikatafuta namba ambayo ingenifikisha karibu na kile kiuno, basi. Nikamwambia, "Nataka nifanane na wewe kwenye ile picha."

Mpambe wangu alitoa sauti ile ya kuguswa. Mama hakuguswa. Alishangaa.

"Ile? Nilikuwa na kilo arobaini na tisa, na sikuzitafuta."

Akasimulia hapo hapo, mwenye duka akiwa amejiegemeza kaunta, nami nimesimama na mgongo wazi. Mwaka ule madukani hamna kitu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini nchi haina fedha za kigeni. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kitambaa ukisikia kimefika unaacha maharage jikoni unakimbia. Gauni la harusi ungelitoa wapi? Nairobi, kwa waliobahatika, na mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Vya magendo vilipita Rombo usiku, ila Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka binti yake aolewe ndani ya magendo. Kulikuwa na mke wa mwalimu mmoja aliyefunga ndoa 1976, mpaka ungali wazi, na gauni lake la Nairobi lilikuwa limetunzwa. Likawa la parokia nzima. Wasichana waliolivaa Mama alianza kuwahesabu kwa vidole akaishia kutikisa mkono. Sharti lilikuwa moja: lirudi limefuliwa, na sabuni utajua mwenyewe. Mama alilifua kwa majani ya mpapai.

"Mke wa mwalimu alikuwa mwanamke wa haja," akasema. "Mimi lilinimeza. Wakalikusanya nyuma na pini za nepi, kuanzia hapa mpaka hapa." Akasimama, akamshika mpambe wangu mgongoni kuonyesha. "Nikaambiwa nisiegemee, na nisigeuke. Ndiyo maana kwenye picha nimesimama vile. Ninyi mnasema nilikuwa na madaha."

Mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Mimi nilikuwa natafuta ile picha kichwani, nikiona upya shingo iliyonyooka na mikono isiyojua iende wapi. Miaka yote niliipenda kwa sababu ya ule msimamo.

Mama akaendelea kwa sauti ya chini, na hii ilikuwa ya kwangu mimi. Mdogo wake, mama yangu mdogo, tulimzika 1996. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka alivyobebwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kaka yangu, ambaye alikuwa bado shule ya msingi. Wakati ule mtu akishuka uzito hakuna aliyemuuliza siri; watu walinyamaza, wakaanza kupitia njia nyingine. "Wewe punguza," akasema Mama, "sikukatazi, magoti yako yatashukuru. Ila bibi zako hawajui habari za ndimu. Ukifika mlimani umekonda ghafla, watanishika mkono jikoni waniulize unaumwa nini. Na mimi sitaki kuulizwa tena."

Nilitaka kumjibu kwamba siku hizi ni tofauti. Ni kweli ni tofauti. Nikaingia nyuma ya pazia nikavua.

Nilipotoka, mwenye duka alikuwa ameshateremsha jingine. Mshono wa samaki pia, ila haukubana hadi magotini, ulianza kufunguka katikati ya mapaja, na nyuma hapakuwa na zipu. Palikuwa na vitanzi na utepe mrefu wa satini, unapishanishwa kuanzia chini kwenda juu, na kipande cha kitambaa ndani yake kuficha ngozi. Akasema haya ndiyo yanayomlisha. La zipu linavaliwa na maharusi wawili kwa msimu, la kamba linavaliwa kila wiki. Alinifunga akiwa ameweka goti kiunoni kwangu, kama anayefunga mzigo wa mkaa, na vitanzi vikasimama vikiwa vimeachana inchi tano. Ukipungua, akasema, vinakaribiana. Usipopungua, utepe ninao mrefu. Mama alizunguka mara mbili, akavuta utepe kujaribu kama unakatika.

Nililikubali. Sikulipenda kama lile la kwanza, na mpaka leo nikiona gauni lenye maua ya kwapani kwenye harusi ya watu roho inanisogea. Bei ilikuwa laki nne na nusu, ikaongezwa laki moja kwa kuwa linasafiri mkoani, na dhamana ya laki mbili ya kurudishiwa. Mama alishusha ile laki moja ikawa sabini elfu, kwa hoja kwamba gauni halitakalia kiti cha basi.

Niliendelea kukimbia. Vikao navyo viliendelea. Desemba, siku ya kwenda kulichukua, mizani ilisema 78. Mwenye duka akanipima upya na kuandika kwa wino, kiuno 35, penseli akaiacha ilivyo. Vitanzi vilikuwa vimeachana inchi tatu. Kufika Uru nikakuta bibi zangu wamepika mtori wa siku tatu, wakanishika mikono, wakanigeuza, mmoja akasema nimepungua kidogo lakini nina rangi nzuri. Mama, aliyekuwa anakoroga sufuria, hakusema kitu.

Tulilirudisha Januari. Mama alinifuata mpaka Sinza akiamini nitadhulumiwa dhamana. Pindo lilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani, na mwenye duka akakata elfu thelathini za dobi.

"Ungeniachia nilifue mwenyewe," Mama akasema.

"Kwa majani ya mpapai, mama? Lina shanga hili."

Alikuwa hajasahau. Akafungua daftari kwenye ukurasa wangu, akachukua kifutio, akafuta zile namba tatu za penseli, akapuliza unga. Nikamuuliza kama wapo wanaoifikia penseli. Wapo, akasema, na wengine wanaipita kwa presha za michango tu. Kisha akafunua ukurasa mwingine kutuonyesha gauni langu linakwenda wapi Jumamosi ya wiki inayofuata: harusi ya Februari ilikuwa imerudishwa nyuma ghafla, na bibi harusi huyo naye alikuwa na safu mbili. Ila za penseli zilikuwa kubwa kuliko za wino.

Mama akavaa miwani. "Ana miezi mingapi?"

"Mama," akasema mwenye duka, akifunga daftari, "hilo mimi siandiki."