Friji ya Dukani, Televisheni ya Mtandaoni: Nilivyonunua Vifaa vya Nyumba Nikiwa Chake Chake

Tulipokaribia kuhamia nyumba yetu ya Machomanne, hapa Chake Chake, tulihitaji vitu vikubwa vitatu kwa mpigo mmoja: friji, mashine ya kufulia na televisheni. Wenzangu wa rika langu walinishauri nisihangaike na maduka ya kisiwani, niagize vyote mtandaoni kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa bei za Kariakoo zinazowekwa Instagram huonekana kuwa chini sana kuliko za Pemba. Mama mkwe wangu alishikilia kwamba chombo kizito hununuliwa kwa mtu ambaye mlango wake unaujua. Nilizisikiliza kauli zote mbili, kisha nikaamua kwamba kila kifaa nitakifanyia hesabu yake peke yake, na hesabu hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa kwa ajili ya walio visiwani wanaokusudia kununua kama mimi.

Kwetu sisi, kununua mtandaoni hakufanani na kunakosimuliwa na jamaa zetu walioko Uingereza au Kanada, ambako duka huwa na ghala lake na gari zake za kupeleka mizigo hadi mlangoni. Jumia, lililokuwa likifahamika sana kwa biashara ya namna hiyo, lilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Kwa mkaazi wa Pemba leo, kuagiza mtandaoni ni kuona picha Instagram au WhatsApp, kuzungumza na muuzaji kwa ujumbe, kumlipa kwa simu au benki, na kusubiri mzigo uvuke bahari. Mzigo huo hutoka dukani Kariakoo hadi bandari ya Dar es Salaam, hushushwa Malindi, Unguja, hupakiwa tena kwa safari ya bandari ya Mkoani, Pemba, na kutoka Mkoani hubakiwa na barabara ya takriban kilomita 30 hadi Chake Chake. Kila unaposhushwa na kupandishwa pana hamali wa kulipwa, na kila hamali ana mikono yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuacha kulinganisha bei ya picha na bei ya dukani. Nilichukua daftari nikaandika bei ya friji, nauli ya meli kwa hatua zote mbili, malipo ya mahamali, gari ya kutoka Mkoani, na fedha kidogo za tahadhari iwapo ingebidi irudishwe. Friji ambayo Dar ilikuwa nafuu kwa laki mbili na nusu ilibaki kuwa nafuu kwa elfu sabini hivi ilipofika jikoni kwangu kwenye karatasi. Televisheni ya inchi 55, ambayo ni nyepesi na hubebwa na watu wawili bila tabu, ilibakisha tofauti kubwa zaidi, na hapo ndipo nilipoona kwamba vifaa hivi havistahili hukumu moja.

Friji ndiyo iliyonichukua muda mwingi, na sioni kwamba nilizidisha, kwa sababu ndicho kifaa pekee cha nyumbani kisichopumzika usiku wala mchana. Nilianza kwa kusoma mtandaoni, na katika hili intaneti ilinifaa kuliko duka lolote. Nilijifunza kwamba ndani ya friji, ubavuni, hubandikwa kibandiko chenye herufi za daraja la hali ya hewa, na kwamba herufi hizo zina maana kubwa kwa watu wa pwani yetu. Friji yenye alama ya N imetengenezwa kufanya kazi pahala penye joto lisilozidi nyuzi 32 za Selsiasi, yenye ST hadi nyuzi 38, na yenye T hadi nyuzi 43. Mtu anayejua jinsi jiko lililoezekwa bati linavyokuwa mchana wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, hatahitaji kuelezwa kwa nini nilikwenda kuitafuta herufi ya T. Niliwauliza wauzaji kadhaa wa Instagram wanipigie picha ya kibandiko hicho. Mmoja alinitumia, wengine walinijibu kwamba friji ni mpya na ina waranti, jambo ambalo sikuwa nimeliuliza.

Dukani hapa Chake Chake niliufungua mlango mwenyewe nikakisoma kibandiko kwa macho yangu. Nikaona pia kwamba lita zilizoandikwa kwa maandishi makubwa mlangoni ni za ujazo wote wa friji, na kwamba lita za kuweka vitu hasa, zilizoandikwa kwa maandishi madogo ndani, ni pungufu. Mwenye duka ni mtu mzima, na kwa heshima yake nilimwita Ami.

“Ami, naomba uniwashie niisikie,” nilimwambia.

“Mwanangu, hiyo ni haki yako. Kaa hapo kwenye kiti, uisikilize mpaka uridhike,” akanijibu, akamwita kijana wake alete waya.

Nilikaa. Nilisikia kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inavyoanza, nikagusa ubavu wa friji kuona kama unatetemeka, nikabana karatasi kwenye mlango na kuivuta pande zote ili nijue kama mpira unashika sawasawa. Jambo dogo kama hilo la karatasi haliwezi kufanywa kwa ujumbe wa simu, na mpira usioshika ndio unaoitesa kompresa na kuumaliza umeme wa TUKUZA, mita yetu ya kulipia kabla, pole pole bila ya mtu kujua sababu.

Paliingia na suala la umeme wenyewe. Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, na walioishi hapa kabla ya hapo wanayakumbuka majenereta ya Wesha, kwa hiyo hali yetu ni bora mno kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo, katika mtaa wetu nguvu ya umeme hushuka nyakati za jioni. Fundi aliyetufungia nyaya za nyumba alipima tundu la jikoni baada ya sala ya Isha akapata volti 190 na kidogo, ilhali vifaa vyetu vimeandikwa volti 220 hadi 240. Kutokana na hilo niliichagua friji ya kawaida inayoganda barafu, yenye kitufe cha kuzungusha, badala ya ile isiyoganda barafu (no frost) ambayo hutegemea feni, hita ya kuyeyushia barafu na bodi ya kielektroniki. Ile isiyoganda ni raha zaidi, sikatai, lakini bodi ikiungua kisiwani humu huagizwa ng'ambo ya bahari, na samaki hawaisubiri. Siku hiyo hiyo nilinunua stabilaiza ya kusawazisha nguvu ya umeme, na kinga ya friji, kile kifaa kidogo kinachochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi baada ya kukatika, ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie kabla ya kompresa kuanza tena.

Fundi huyo huyo alinitaka niangalie pia aina ya gesi, iliyoandikwa nyuma karibu na kompresa. Friji nyingi mpya hutumia R600a, ambayo hula umeme kidogo lakini inashika moto, na haijazwi na fundi yeyote tu mwenye mtungi. Nilipomuuliza Ami ni nani atakayeihudumia friji hiyo ikipungua gesi, alinitajia fundi anayekaa mjini na akampigia simu mbele yangu. Kwangu mimi, simu ile ilikuwa na thamani zaidi ya zile elfu sabini.

Kijana wa dukani aliileta kwa pikapu, ikiwa imesimama na kufungwa kamba. Hili nalo nililisimamia, kwa kuwa friji ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na anayeiwasha papo hapo huweza kuiua siku ile ile. Iliposimamishwa jikoni tuliiacha saa kadhaa bila ya kuiwasha. Friji iliyovuka bahari mara mbili ndani ya sehemu ya mizigo, miongoni mwa magunia, hakuna awezaye kukuapia kwamba haikulazwa njiani.

Mashine ya kufulia haikuhitaji mjadala mrefu. Mtandaoni zilinivutia zile za kujiendesha zenyewe, lakini mashine hizo zinataka maji yaingie kwa msukumo, na nyingi huandikwa kwamba zisipungukiwe na nusu baa, kipimo cha msukumo wa maji. Tangi letu limesimama mita tatu tu juu ya bomba la uani, na kila mita moja ya kimo hutoa sehemu moja ya kumi ya baa, kwa hiyo nilikuwa na tatu tu kati ya tano zilizohitajika, achilia mbali siku ambazo maji hayatoki kabisa. Nilinunua ile ya mapipa mawili, inayojazwa hata kwa ndoo, kutoka duka lile lile, na Ami akanipunguzia kwa kuwa nimechukua vitu viwili. Punguzo la namna hiyo, la kuzungumza uso kwa uso, nalo liingizwe kwenye hesabu.

Televisheni niliiagiza Dar, na sijuti hata kidogo. Hapa Chake Chake sikuipata ya ukubwa na aina niliyoitaka isipokuwa kwa bei iliyozidi mno, na televisheni haina mafuta ya kumwagika wala gesi ya kuvuja. Hatari yake ni moja tu, kioo, na hatari hiyo hukingwa kwa kufungasha vizuri. Nilichagua muuzaji wa Instagram ambaye ana duka la kweli Kariakoo, na kabla ya kutuma hata shilingi nilimwomba mjomba wangu anayeishi Dar aende akalione. Kwa simu ya video niliona televisheni ikitolewa ndani ya boksi na kuwashwa, wakaniwekea rangi nyeupe kwenye kioo kizima, kisha nyeusi, ili nione kama pana vidoa, na nikasomewa namba ya utambulisho ya kiwandani iliyoko mgongoni nikailinganisha na ile ya kwenye boksi. Nilihakikisha pia kwamba inapokea mawimbi ya DVB-T2, mfumo unaotumika Tanzania. Wanaoletewa televisheni na ndugu zao kutoka Marekani walizingatie hili kwa makini, kwa sababu kule umeme ni volti 120 na mawimbi ya matangazo ni ya mfumo mwingine, ilhali vifaa vya Dubai hutumia umeme kama wetu na plagi ile ile ya meno matatu ya bapa.

Nilimlipa sehemu ya fedha, na iliyobaki mjomba akaikabidhi aliposhuhudia boksi likizungushiwa fremu ya mbao na kuandikwa pande zote kwamba lisilazwe. Risiti ya kielektroniki ilisafiri na mzigo, nakala yake nikawa nayo kwenye simu, na bandarini ilitosha kujibu maswali yote. Mkoani tulilifungua boksi pale pale mbele ya wakala wa mizigo kabla ya kusaini, na hilo nalisisitiza kwa kila anayepokea kioo, kwa kuwa waranti ya kiwandani haihusiani na kioo kilichopasuka njiani, na ukishasaini na kuondoka, dai lako halina pa kusimama.

Baada ya miezi kadhaa ya matumizi, mpira wa mlango wa friji ulianza kuachia pembeni. Nilipita dukani nikirudi kazini, nikamweleza Ami, na kesho yake kijana alikuja na fundi, wakaupasha moto ule mpira, wakaunyoosha na kuurudisha, bila ya kunidai kitu. Televisheni nayo iliwahi kugoma kushika intaneti, na muuzaji wa Dar alinielekeza kwa simu ya video mpaka ikakubali, kwa upole na bila ya haraka. Lakini najua wazi kwamba kama tatizo lingekuwa la bodi, ningepaswa kuirudisha televisheni kwa njia ile ile iliyojia, na kwa gharama zangu.

Panapotokea mgogoro, tofauti huwa kubwa zaidi. Zanzibar ina Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2018, na duka la Chake Chake liko chini yake. Muuzaji wa Kariakoo yuko chini ya sheria ya ushindani ya Tanzania Bara ya mwaka 2003. Mnunuzi wa Pemba anaweza kudai haki yake kote kuwili, ila kwa muuzaji wa Dar itambidi akaidai ng'ambo ya bahari, na kwa friji ya shilingi laki tisa ni wachache watakaofanya hivyo.

Sasa tunajiandaa kuweka kiyoyozi katika chumba cha mama mkwe, ambaye joto la kaskazi limeanza kumzidi nguvu. Bei za Dar nimeshaziona na zinavutia. Kiyoyozi, hata hivyo, ni kompresa, gesi, mabomba ya shaba yanayoungwa ukutani, na fundi ambaye lazima arudi kukisafisha, tena katika hewa ya chumvi inayokula chuma. Nimekwisha kumwambia Ami aina ninayoitaka, iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu kwenye mapezi ya nje, na amenitaka nimpe nafasi hadi mzigo wake ujao uingie. Bei yake tutaizungumza kiyoyozi kikiwa mbele yetu, na malipo ya fundi wa kukifunga yatakuwa ndani ya bei hiyo.