Neno la kitambaa

Mwezi uliopita niliwekewa mezani yadi kumi na mbili za lesi ya zambarau, ile nzito yenye maua ya uzi wa fedha. Imetoka Lagos, kwa hivyo mkasi ukikosea hakuna duka la kukimbilia hapa Mombasa. Mwenyewe ni mteja wangu wa mwaka wa tatu sasa, mama wa Kiyoruba aliyezaliwa Ibadan na anayekaa Nyali. Mdogo wake anaolewa, na ukoo mzima, walio nyumbani na walio nje, watavaa lesi hiyo moja. Kwao huitwa aṣọ ẹbí, nguo ya jamaa. Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Sisi fundi wa huku twashona sare mwaka mzima, na najua vizuri mtu asiyepewa sare hurudi nyumbani na uchungu gani.

Kila akiingia kibandani kwangu, karibu na Biashara Street, husema “ẹ kú iṣẹ́”. Ni salamu ya kumkuta mtu kazini. Hiyo ẹ ya mwanzo ni ya heshima, kama vile mtu mmoja umwambie “nyinyi”, na mtoto wa Kiyoruba asiyeitumia kwa mkubwa huonekana hakufunzwa adabu. Mimi humjibu “asante, karibu,” kisha nampa kiti.

Mumewe ni Mwigbo wa upande wa Onitsha, anafanya kazi ya kutoa makontena bandarini. Huniita nwanne m, maneno yenye mama na mtoto ndani yake, kama sisi tunavyosema ndugu wa tumbo moja. Wana binti mmoja wa miaka tisa, kazaliwa hapa hapa. Jina lake silitaji, mtoto wa watu. Ukimsikia akizungumza bila kumwona utasema ni wa Kisauni.

Siku ya kupima walikuja wote watatu. Nilikuwa nimeshaandika vipimo vya mama, kifua, kiuno, mkono, na sasa futi iko mabegani mwa mtoto. Nikamuuliza baba yake, kwa kutaka kujua tu, kitambaa kwa Kiigbo ni nini.

“Akwa,” akasema.

“Akwa,” nikarudia.

“Hapo umesema yai.”

Akachukua kalamu yangu akaandika nyuma ya risiti, kwa alama, mara nne. Ákwà, sauti ianze juu ishuke, ni kitambaa. Àkwá, ianze chini ipande, ni yai. Ákwá, juu kwa juu, ni kilio. Àkwà, chini kwa chini, ni kitanda. Nikajaribu tena. Mtoto akasahau kwamba anapimwa, akageuka na futi ikateleza.

“Dadi, sema tena.”

Akasema tena. Mtoto akafuata, kitambaa, yai, kilio, kitanda, na kila lililompotea alilirudia mpaka likakaa sawa. Mama yake naye akaingia na ya kwao: ọkọ ni mume, ọkọ̀ ni gari, ọkọ́ ni jembe. Nikaacha kazi nikamtazama yule baba. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, ameishika ile risiti kwa mikono miwili.

“Hajawahi kuniuliza,” akaniambia. “Miaka tisa.”

Kwao wana neno la kuunganisha makabila yao makubwa matatu, Wazobia. Wa ni njoo ya Kiyoruba, zo ni ya Kihausa, bia ni ya Kiigbo. Ndani ya nyumba ile, basi, mama angemwita mtoto “wá” na baba angemwita “bịa”. Lakini mtoto huitwa kwa Kiingereza na wazazi wote wawili, huitwa “njoo” na dada wa nyumbani, na wazazi wakitaniana wao kwa wao ni Pijini ya Naijeria. Mama aliniambia walikubaliana hivyo siku walipooana. Akifundishwa Kiyoruba, watu wa baba watasema mtoto wao ameibwa. Akifundishwa Kiigbo, watu wa mama watasema hayo hayo. Wakachagua lugha isiyomuudhi yeyote.

Makubaliano hayo nayajua, maana mimi nimelelewa ndani yake.

Mama yangu ni Mgiriama wa Kaloleni. Baba alikuwa Mjaluo wa Alego, Siaya, akifunga kamba za meli pale Kilindini. Tulikaa Likoni. Mwezi Agosti 1997, nikiwa na miaka minane, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na kuchomwa moto, na siku zilizofuata watu wa bara walifukuzwa, waliuawa, nyumba zao zilitiwa moto. Maelfu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Sisi tulikuwa bado ndani usiku vijana walipogonga. Baba alikuwa amelala chini nyuma ya mitungi ya maji, na mimi nimekalishwa juu ya mtungi mmoja, nimevalishwa leso ya mama iliyofika mpaka sakafuni ili imfunike. Mama akafungua mlango akajibu kwa Kigiriama. Wale vijana wakaelewana naye, kwa kuwa lugha za Mijikenda zasikizana, na akawaambia yuko na wanawe tu. Wakaenda. Hata sasa nikinusa mpira wa mtungi uliokaa jua naikumbuka sauti yake ilivyokuwa tulivu.

Tukavuka feri na godoro moja, tukahamia Mikindani. Tangu usiku ule baba hakusema Kijaluo tena ndani ya nyumba. Wakija jamaa zake aliwatoa nje, wakaongee chini ya mwembe. Kwetu ikabaki Kiswahili. Kigiriama nilikipata kwa mama na kwa bibi Kaloleni, si chote, lakini chanitosha kuombea maji na kugombania bei. Kijaluo hakuna aliyenikataza kukijua. Hakikusemwa tu, na lugha isiyosemwa mbele ya mtoto hapati pa kuiokota.

Baba alifariki 2014, tukamzika Alego. Shangazi yangu, waya kama wanavyoita, alinivuta kifuani akasema maneno mengi. Niliyoyashika ni jina langu na nyathina, mtoto wangu. Yaliyobaki nilitafsiriwa na binamu aliyesoma Mombasa, kaburini kwa baba yangu mwenyewe. Wenzangu walimlilia kwa lugha yake, nami nilisimama kando kama mtu aliyeshushwa na basi mahali si pake.

Nilimsimulia haya yule baba wa Kiigbo siku aliyokuja peke yake kulipa arubuni. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia ya kwao. Baba yake alikuwa na duka Kano, mtaa wa Sabon Gari, walikokaa wageni. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa wingi kaskazini, naye akakimbia kurudi kwao bila chochote. Vikafuata vita vya Biafra, Waigbo walipotaka kujitenga na Naijeria, tangu Julai 1967 hadi Januari 1970. Vilipoisha alianza upya Lagos, mji ambao Wayoruba wenyewe huuita Eko, na huko akajifunza Kiyoruba cha sokoni hata wateja wakawa hawamjui kuwa ni Mwigbo. Lakini nyumbani aliweka sheria: mlango ukifungwa ni Kiigbo, mtoto akijibu kwa lugha nyingine hasikilizwi.

Nimelifikiria hilo wiki nzima nikiwa kwenye cherehani. Wazee wawili, hofu moja. Wa kwake aliificha lugha ndani ya nyumba ili isife, wa kwangu aliitoa nje ya nyumba ili sisi tusife. Simlaumu baba. Alituvusha. Lakini hapa na Nyali hakuna anayegonga mlango usiku, na hilo nilimwambia yule kaka wa Kiigbo waziwazi.

Akanijibu hofu haijaisha, imehama tu. Machi 2023, Lagos ilipochagua gavana, ziliripotiwa habari za watu kuzuiwa kupiga kura kwa kuwa jina au sura ilidhaniwa ni ya Kiigbo. Mgombea mmoja, Gbadebo Rhodes-Vivour, baba yake ni Myoruba, na bado alisakamwa kwa sababu mama yake ni Mwigbo. Ndugu zake yule kaka walijifungia ndani siku hiyo. Mkewe aliyaona yote kwenye simu akiwa Nyali, mtoto amelala kando yake, mtoto wa mchanganyiko huo huo ukigeuza upande.

Halafu akanipa kisa ambacho sikukijua. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Naijeria 1963, alikuwa Mwigbo lakini alizaliwa Zungeru, kaskazini, mwaka 1904. Utotoni Kihausa ndicho kilichomkaa mdomoni. Baba yake akaingiwa na wasiwasi, na mwaka 1912 akampeleka Onitsha akae na bibi yake, ajifunze Kiigbo. Baadaye akakijua na Kiyoruba pia. Kiigbo hakikukifukuza Kihausa, wala Kiyoruba hakikumtoa Uigbo.

Huwa nasikia watu wakisema Kiswahili hakina kabila, eti ndiyo maana chatufaa sote. Mombasa siwezi kulisema hilo. Mji huu una Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili, una Wamvita na Wakilindini na Wachangamwe wenye Kiswahili chao kabla ya bandari hii kujaa sisi wengine. Nakipenda, ndicho ninachootea ndoto. Lakini ni lugha ya wenyeji iliyonikaribisha, na mgeni mwema hakatai kwao kwa sababu amekaribishwa vizuri.

Na tusidhani makabila yenyewe yalishuka na mvua. Mbele ya daraja la Nyali, pale Kengeleni, ipo kengele ya Frere Town, ambapo tangu 1875 wamisionari waliwaweka watu waliookolewa utumwani. Naipita kila nikipeleka nguo Nyali. Upande wa magharibi ya Afrika kulikuwa na Freetown, mji wa watu wa namna hiyo hiyo. Samuel Ajayi Crowther, aliyekuja kuwa askofu, alitekwa 1821 akiwa kijana, meli ya Waingereza ikamwokoa, akafikishwa huko. Aliwakuta wenzake wa Oyo, wa Egba, wa Ijebu, ambao kwao kila mmoja alijiita kwa mji wake. Freetown waliitwa wote Aku, kwa kuwa salamu zao zaanza na ẹ kú. Ile ile niliyokuwa nikisalimiwa kibandani! Jina Yoruba lenyewe Wahausa walikuwa wakiwaita watu wa Oyo. Crowther na wenzake wakaliandika, wakatunga kamusi, wakatafsiri Biblia ikakamilika 1884, na jina likawaenea wote. Hata Midzi Chenda, yaani Mijikenda, ukoo wa mama yangu, walijipa jina hilo la pamoja miaka ya 1940 kulikataa lile la dharau la Wanyika. Na baba yangu kwao alikuwa mtu wa Alego. Mjaluo alikuja kuwa Mombasa.

Kwa hiyo mji haumezi makabila tu, huyazaa pia. Na yako yanayofanana bila kukutana. Waigbo na Wamijikenda hawakuonana popote, lakini wana wiki ya siku nne wote. Kwao ni Eke, Orie, Afo na Nkwo, na Okeke ni mtoto wa Eke, Okafor wa Afo. Kwa mama yangu siku ya kupumzika jembe ni jumwa, na msichana aliyezaliwa siku hiyo huitwa Jumwa. Nilipowaambia hivyo walipokuja kujaribisha nguo, mama wa Kiyoruba aliniambia kwao nako zamani zilikuwa nne, na wote watatu wakaanza kuhesabu kwa vidole mtoto alizaliwa siku gani. Walibishana kwa lugha tatu. Nikaendelea kufunga zipu.

Gauni la mtoto lilimkaa vizuri, isipokuwa pindo nilitaka kulishusha inchi moja. Nimepiga magoti na pini mdomoni, akaniuliza: “Anti, na kwenu kitambaa mwasemaje?”

Cha Kigiriama nikampa. “Na kwa baba yako?” Maana baba yake alikuwa amemsimulia.

Nikatoa pini mdomoni. Nikachukua simu nikampigia waya Siaya, nikaiweka kwa sauti ili mtoto asikie. Salamu ndefu, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea na Kijaluo changu cha maneno manne. Kisha nikamuuliza.

“Nanga,” akasema waya.

Nikamwomba arudie. Nanga. Nikiwa mdogo Likoni, kabla ya Agosti ile, baba akitoka kuoga alikuwa akipaza sauti nyuma ya pazia, kelna nanga, kelna nanga, na mama humtupia nguo. Miaka yote nimeyakumbuka maneno hayo nikidhani ni mambo ya bandari, mtu wa meli anadai nanga yake.

Mtoto alikuwa ameshalisema mara tatu. Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wake, na chini ya kifua, kiuno na urefu nikamwandikia.