Mtandao ulikuwa juu ya mkarafuu

Ami yangu alikuwa juu ya mkarafuu, kiasi cha mita kumi kutoka chini, simu imo mfukoni mwa shati. Mara ikaanza kulia mfululizo, ujumbe wa siku mbili nzima ukiingia kwa mpigo. Akaniita kutoka juu: "Mwanangu, huku upo!" Mimi nilikuwa chini nachambua karafuu na makonyo, na simu yangu haikuwa na mtandao hata chembe.

Kwetu ni bondeni, upande wa Mtambwe, Wilaya ya Wete, kisiwani Pemba. Chini kuna mpunga, juu mikarafuu, na nyumba zimekaa ubavuni mwa kilima. Mnara tunaoutegemea uko upande wa mjini, ila kilima kimetuziba. Kupiga simu ilikuwa lazima upande mpaka kwenye mwembe mmoja, mwendo wa dakika ishirini, na mwenye mgonjwa usiku alipanda hivyo hivyo na tochi yake. Maombi ya kujengewa mnara tulipeleka mara mbili. Hatukujibiwa.

Basi siku ile niliona wazi kwamba mawimbi yanatupita juu ya vichwa. Simu nyingi zina mahali, ndani ya mipangilio, panapoonyesha nguvu ya mtandao kwa namba badala ya vijiti. Namba hiyo ina alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu. Chini ya mkarafuu nilipata -118. Ami akapanda na simu yangu, akanisomea -99. Tofauti ya desibeli 19 ukiisikia utaiona ndogo, lakini kila desibeli kumi ni mara kumi, kwa hiyo kule juu mawimbi yalikuwa na nguvu karibu mara 80. Kilima kinazuia, na majani mabichi yenye maji nayo yanapunguza. Ndani ya nyumba ya bati hali huwa mbaya zaidi.

Nikaenda Chake Chake kutafuta vifaa. Muuzaji mmoja alinitolea kikuza mawimbi cha bei rahisi, hakina alama yoyote ya kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Nilikikataa, na nawaomba wenzangu wa mashamba mkikatae pia, maana kifaa kibovu cha namna hiyo kinarusha kelele kwenye mnara na kuwaharibia watu wote wanaoutumia. Nilichochukua ni ruta ya 4G ya kutia laini, yenye matundu mawili ya antena za nje, pamoja na antena mbili za kuelekeza, zile zenye umbo la mgongo wa samaki. Moja hulazwa kidogo kulia na nyingine kushoto.

Nguzo tulikata mvinje wa mita tisa. Mara ya kwanza ruta niliiweka ndani ya nyumba, nikaiunganisha na antena kwa waya mwembamba wa mita kumi na tano. Hatukupata kitu cha maana. Mawimbi ya 4G yanapotea njiani kwenye waya kama ule, kila mita inakula sehemu yake, na urefu wote tulioupata kwa mvinje ukaishia humo. Dawa ikawa kuipandisha ruta yenyewe. Tulichukua ndoo nyeupe ya rangi, tukaitoboa mfuniko, tukaifunga juu ya nguzo kichwa chini ili mvua isiingie na hewa ipite kwa chini. Waya wa antena ukabaki mita moja tu. Kinachoshuka sasa ni waya wa umeme, ambao unatoka kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola, kwa sababu umeme wa kawaida ukikatika ndipo mtu anapoitaka simu zaidi.

Kuelekeza antena kulituchukua asubuhi nzima. Kijana mmoja juu ya ngazi anazungusha kidogo kidogo, mimi chini nasoma namba kwa sauti, anasimama, anasubiri, anazungusha tena. Tulianza kwa kuilenga Wete moja kwa moja, haikufaa. Ilipoangalia pengo lililo kati ya vilima viwili, pembeni kabisa, ikaruka mpaka -88. Tukaifunga papo hapo.

Masika yaliyofuata radi iliiunguza ruta ile. Sasa kuna waya mnene wa shaba unaoteremka kutoka juu mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, na ngurumo ikisikika tu, bibi wa nyumba ya kwanza huchomoa kila kitu. Nyumba saba tunachanga shilingi 3,000 kwa mwezi kila moja kwa ajili ya bando, na daftari analo sheha.

Watu husema faida ya mtandao kwa mkulima ni bei. Kwa karafuu si hivyo: bei inatangazwa na Serikali na mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Faida yetu ni utabiri wa mvua. Karafuu zinahitaji siku kadhaa za jua kavu juu ya jamvi, na zikilowa zikarundikwa zinageuka mpeta, jasho la msimu mzima likaharibika. Wachumaji nao tunawalipa kwa simu, hakuna tena kubeba fedha kwenye kikapu usiku.

Juzi mama aliangalia utabiri, akatoka uani bila kusema neno, akaanza kukunja jamvi la kwanza. Jua lilikuwa kali. Tulimfuata wote. Jamvi la mwisho lilikuwa mlangoni matone yalipoanza kugonga bati.

Jumamosi tumeitwa bonde la pili kwenda kuwapimia. Ami keshauliza kama wana mkarafuu mrefu.