Bibi wa Ukoo wa Maconde

Mabasi madogo ya kwenda Coroico huondokea mtaa wa Villa Fátima, jijini La Paz, Bolivia. Mji ule uko mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na bado tukapanda hadi La Cumbre, karibu mita 4,700, kwenye mawe matupu na theluji. Kisha tukaanza kuteremka. Nikavua koti, baadaye sweta. Mara nje ikawa migomba, michungwa, mibuni. Sijaona nchi inayobadilika haraka kama Bolivia.

Nilikuwa nakwenda Tocaña, kijiji cha Wabolivia weusi. Wahenga wao waliletwa na Wahispania, wakatumikishwa katika migodi ya fedha ya Potosí, na vizazi vyao vikalimishwa koka, mmea wa majani ya kutafunwa, huku Yungas, mabonde yenye joto chini ya milima. Utumwa ulifutwa 1851, ila kumfanyia kazi mwenye shamba bila ujira kuliendelea hadi mageuzi ya ardhi ya 1953. Mia moja na miaka miwili! Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nilimkuta bibi mmoja akianika koka kwenye uwanja wa mawe bapa. Wingu lilikuwa limetanda, na koka ikilowa huwa nyeusi, bei ikaanguka. Sikungoja kuombwa. Nilishika ufagio tukakusanya majani, tukayaingiza ndani matone ya kwanza yakianza kudondoka.

Ndipo akaniuliza jina na kwetu. Nikamwambia mimi ni Mmakonde wa Newala, kusini mwa Tanzania. Akaacha alichokuwa akifanya.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Akajigonga kifuani: baba yake alikuwa wa ukoo wa Angola, mama yake wa ukoo wa Maconde. Koo hizo mbili zimejaa Yungas. Hata mwanahistoria wao mashuhuri ni Juan Angola Maconde. Najua jina peke yake si hati ya nasaba, maana watumwa wengi waliandikwa kwa majina waliyopachikwa na wauzaji. Hata hivyo machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

"Mko wengi huko?" aliuliza.

"Tumejaa, bibi. Kule Mtwara, na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji."

Akamwita mjukuu wake alete ngoma ya saya, muziki wa Wabolivia weusi, akampigia makofi huku akiimba. Mvua ilipopungua akanipa daftari la shule la yule kijana niandike vijiji vyetu. Nikaandika Newala, Kitangari, Tandahimba, Mueda. Kijana akasoma kwa sauti, na bibi akawa anamrudisha kwenye Kitangari mpaka alipoitamka sawasawa.