Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Kemia, Lamu

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya shule napitia Mkomani, ambako fundi anabandua saruji kwenye ukuta wa nyumba ya kale. Nyuma yake jiwe limeliwa na chumvi. Saruji huzuia unyevu usitoke; chokaa huuacha upite.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Chokaa yako hii."

Ni chokaa isiyozimwa, yaani bado haijatiwa maji. Nafunga kopo barabara, maana ikiingia jichoni huunguza.

Saa 2:20, kidato cha pili. Kwamba chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, wote wanajua. Ila kwenye nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa gesi: kalsiamu kaboneti hugeuka kalsiamu oksaidi, na kabonidioksidi huenda zake hewani. Namwagia chokaa maji kidogo katika beseni la bati. Inafoka, mvuke unapanda, nao moto haupo! Joto limezaliwa na mmenyuko wenyewe. Mlinganyo nauandika baadaye. Anayeukariri bila kuona kitu huusahau upesi.

Halafu kila kundi lapata maji ya chokaa niliyoyachuja jana, na mrija. Puliza, usivute. Yanageuka meupe: pumzi imerudisha kabonidioksidi, na ule unga mweupe ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye matumbawe. Mmoja anaendelea kupuliza hadi maji yanang'aa tena.

"Mwalimu, imepotea!"

Haikupotea. Gesi ikizidi, hutokea kalsiamu haidrojeni kaboneti, nayo huyeyuka majini. Ndiyo hiyo inayofanya maji ya kisima chetu nyumbani yakatae povu la sabuni. Kipindi hiki nakipenda kuliko vyote.

Saa 7:00, swala, kisha wali kwa samaki.

Saa 8:00, kidato cha tatu, hesabu za moli. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikichomwa zote hubakiza kilo 56 za chokaa. Kilo 44 ni gesi.

Saa 10:30 jioni, pale Mkunguni mbele ya Ngome, mwanafunzi ananifuata.

"Mwalimu, chokaa ikigandia ukutani huwa nzito au nyepesi?"

Nampa kalamu apige mwenyewe. Kilo 74 za chokaa iliyozimwa hunywa kilo 44 za gesi, hutoa kilo 18 za maji, zikawa 100.

"Nzito, kwa kilo 26. Na maji ya kuchanganyia, je?"

"Hayo hukauka tu. Yahesabu kando."